Sindano za urembo: nani aruhusiwe kuzishika?

Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Siku hizi kuna hoja kwamba Botox na fila zimekuwa kazi nyepesi, aliyesoma kozi ya siku mbili anaweza kuzichoma, na madaktari wanaopinga wanalinda ulaji wao. Suala la ulaji nalikubali nusu. Ila msimamo wangu ni huu: asiyejua kuokoa asichome.

Tusizichanganye kwanza. Botox ni sumu ya bakteria, dozi ndogo mno, inayozuia neva isiuamrishe msuli kujikunja. Ilianzia kwenye macho: mwaka 1987 huko Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akitibu kope zinazojifumba zenyewe, na kukagundulika kuwa mikunjo ya katikati ya nyusi nayo inalainika. Marekani ikaidhinisha matumizi hayo ya urembo mwaka 2002. Nguvu yake huisha baada ya miezi 3 au 4, kwa hiyo hata ukikosewa kope likalegea, utavumilia wiki kadhaa litanyanyuka.

Fila ni habari nyingine. Ile ni jeli inayochomwa chini ya ngozi kujaza midomo au mikunjo. Ikiingia ndani ya ateri inaziba kama kizibo, ngozi inapauka, inatoka mabaka kama wavu, na isipowahiwa inakufa. Mishipa ya puani na katikati ya nyusi imeungana na ya jicho. Jeli ikisukumwa hadi huko mtu anaweza kupofuka. Ni nadra, sibishi. Lakini likitokea, muda unahesabiwa kwa dakika.

Dawa ipo: kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, kinachoyeyusha fila za asidi ya hayaluroniki (zile za kalsiamu hakiziwezi). Na hapa kwenye ngozi nyeusi pana mtego, maana kupauka kwenyewe hakuonekani upesi. Mchomaji inabidi abonyeze kwa kidole, aachie, aangalie damu inarudi baada ya sekunde ngapi. Je, kozi ya siku mbili inamzoesha mtu hilo?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, daktari naye anaharibu. Shahada haimfundishi mtu kuchoma midomo. Nesi anayechoma kila siku ana mkono mzuri kuliko daktari wa mifupa aliyeingia urembo mwaka jana.

Mleta mada: Kweli, ndiyo maana nimesema kuokoa, sikusema shahada. England walianza na umri: tangu 1 Oktoba 2021 ni marufuku kumchoma aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo. Mwaka 2022 bunge likapitisha sheria inayompa waziri uwezo wa kuweka leseni kwa wachomaji. Wazo la leseni naliunga mkono, mradi mtihani wake uwe wa dharura na si wa kujaza fomu.

Mchangiaji wa tatu: Mmeng'ang'ania sindano, na leza je? Mimi nilikwenda kutoa nywele za kidevu. Nikaambiwa mashine ni ya "ngozi zote". Kwenye pigo la tatu nikasikia harufu ya kuungua. Kesho yake kidevu kina miraba miraba, umbo lilelile la kichwa cha mashine, kisha ikawa myeusi kwa miezi. Baadaye ndipo nikajifunza kuwa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, inakunywa mwanga ule kama nywele, na kwamba kwa weusi ni salama zaidi leza ya aina ya Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambayo melanini haiimezi sana.

Mleta mada: Pole sana dada. Fundi wako alijua kubonyeza, hakujua ngozi. Ni kesi ileile.

Mchangiaji wa pili: Sasa mteja atamjuaje anayejua?

Mleta mada: Kabla hujalala kitandani, mwambie akuonyeshe chupa ya hayaluronidesi na tarehe ya kuisha muda wake. Mimi niliuliza hilo sehemu moja kwa simu. Wakaniambia nisubiri kidogo, halafu simu ikakatwa.