Mdogo wangu ana MS: rituksimabu atundikiwe nyumbani au hospitali?

Kaka_Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Niko hapa Dodoma. Mdogo wangu wa kike, miaka 28, alianza kuona ukungu jicho moja, baadaye miguu ikawa inakufa ganzi. Ukoo ukasema karogwa. Tumehangaika mpaka MRI ikaonyesha ni MS (multiple sclerosis), yaani kinga ya mwili inashambulia ganda la neva zake. Daktari kamwandikia rituksimabu, dawa ya dripu, tunainunua Dar. Jirani yetu nesi anasema atamtundikia nyumbani tuokoe hela ya kitanda. Halafu binti ana safari ya kikazi inayodai chanjo ya homa ya manjano. Naombeni ushauri, matusi sitaki.

Mzee wa Makole: Pole sana mkuu. Nyumbani hapana! Dozi ya kwanza ndiyo yenye vituko: homa, kutetemeka, kuwashwa, presha kushuka, koo kubana. Inaingizwa taratibu kwa saa kadhaa, na kabla yake anapewa panado, dawa ya mzio na steroidi. Huyo nesi ana oksijeni na adrenalini sebuleni kwako?

Bush Lawyer: Hiyo si dawa ya kansa? Mnapigwa hapo.

NesiWaZamu: Ilianzia kwenye saratani ya mitoki, kweli. Ila mwaka 2023 WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS pia. Kaka, swali la kitanda ni dogo. Je, amepimwa homa ya ini B? Vipimo ni viwili: cha kirusi chenyewe, na cha kuonyesha kama aliwahi kuambukizwa. Dawa hii inafyeka seli B, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili, na kirusi kilicholala kwenye ini kinaweza kuamka kikamuua. Apimwe na TB, HIV na kiwango cha kingamwili. Bila majibu hayo, msitundike.

Kaka_Nkuhungu: Homa ya ini hakuna aliyeitaja dada. Jumatatu tunaenda kupima.

Mama Kisasa: Dawa ikitoka Dar ibebwe kwenye kiboksi cha baridi, nyuzi 2 hadi 8. Isigusane na barafu, ikiganda ni ya kutupa. Mimi ya mume wangu huja nayo kwa treni ya SGR, naipakata. Buti la basi usithubutu.

Kaka_Nkuhungu: Asante mama. Na chanjo?

NesiWaZamu: Ya homa ya manjano ni chanjo hai, yaani ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Akishaanza dawa hachanjwi, na kama ni kabla, iwe angalau wiki 4. Ila kwa mwenye MS chanjo yenyewe ina mjadala wake, kuna hofu ya kuamsha ugonjwa, kwa hiyo aamue daktari wa neva. Wasiofaa kuchanjwa huandikiwa cheti cha msamaha, japo aulize kwanza kama nchi anayokwenda inakipokea. Na baadaye akianza kuchanganyikiwa au kupoteza maneno, msiseme ni MS tu, mrudisheni siku hiyohiyo: kuna maambukizi ya ubongo, nadra lakini mabaya, ya virusi vya JC.