Nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa: nirekebishe nini kwenye mlo?

Mihogo_Asubuhi:
Wakuu, hii ni wiki ya tatu. Uzito ni kilo 65, kazi ya kusimama kutwa. Asubuhi chai ya rangi na mihogo, mchana ugali na mchicha halafu chai tena, usiku wali maharage. Tumbo linajaa gesi, na ikifika saa kumi jioni nguvu zimekwisha. Nataka kutumia vya sokoni tu. Nianzie wapi?

JikoLaNazi:
Mkuu, pengo liko mchana. Kwa kilo 65, lenga gramu 65 hivi za protini kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, ugali wa unga gramu 200 kama 16, konzi ya karanga (gramu 30) kama 7. Mchicha peke yake haukufikishi huko. Weka choroko, dengu, mbaazi au kunde mchana na usiku, tena kikombe kizima. Mahindi yana upungufu wa laisini (moja ya viini vinavyojenga protini), na jamii ya kunde inayo ya kutosha, ndiyo maana ugali na maharage vinakamilishana.

Mboga iunge kwa karanga za kusaga. Tui la nazi ni tamu, lakini kinachoongezeka humo ni mafuta, si protini. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga.

Kuhusu gesi: loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Ukiyainjika kwenye moto mdogo tangu mwanzo, sumu yake ya asili inabaki na utatapika. Magadi yanaivisha haraka ila yanaharibu vitamini B1, achana nayo. Anza na nusu kikombe kwa mlo, ongeza kila baada ya siku chache. Choroko zilizokobolewa ndizo nyepesi zaidi tumboni.

Kisamvu_Twanga:
Naongezea chai. Tanini yake inashika madini ya chuma ya mimea yasifyonzwe mwilini, na wewe sasa huna chuma kingine. Isogeze, iwe angalau saa moja kabla au baada ya kula. Kahawa vilevile. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa, embe au kachumbari yenye pilipili hoho: vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Kulowesha, kuotesha choroko na kuchachusha uji wa ulezi navyo vinafungua madini.

Kwa kalisi usitegemee mchicha, kwani oksalati yake (kemikali ya asili ya majani hayo) inaifunga isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora zaidi. Chumvi iwe yenye madini joto, uitie mwishoni mwa mapishi.

ZamuYaUsiku:
Mmeacha jambo moja ambalo halina mbadala sokoni: vitamini B12. Uyoga, togwa na mwani si vya kutegemea. Nunua vidonge: mikrogramu 10 kila siku, au 2000 mara moja kwa wiki. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona mzima kwa muda mrefu, kisha ganzi inaanza miguuni. Tena maharage na majani yana foleti (vitamini B9) nyingi, ambayo inaweza kuficha upungufu huo kwenye kipimo cha wingi wa damu huku neva zikiendelea kuumia. Mjamzito au anayenyonyesha asisubiri hata wiki moja.

Mihogo_Asubuhi:
Asanteni sana. Je, maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani?

JikoLaNazi:
Loweka gramu 100 za soya usiku kucha, menya maganda, saga na lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa safi. Kisha chemsha dakika 20 ukikoroga. Povu litapanda mapema kabla hayajachemka kweli, na hapo ndipo wengi huyaepua. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe, na tumbo litauma. Shusha povu, endelea kuchemsha. Kalisi yake ni ndogo kuliko ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo sukuma wiki ibaki palepale.