Buti za kupandia Kilimanjaro: kamba, waya wa kuzungusha au zipu?

Mwenye swali: Ndugu wanajamvi, Januari natarajia kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Dukani nimekuta buti za kamba, za zipu, na nyingine zenye waya mwembamba unaokazwa kwa kuzungusha kitufe. Ninachohofia ni usiku wa kutoka kibanda cha Kibo, mita 4,720, kuelekea kileleni, vidole vya mikono vikiwa vimekufa ganzi. Nichukue zipi?

Mpagazi wa zamani: Chukua za kamba, tena zenye kulabu juu ya kifundo cha mguu. Wakati wa kupanda unahitaji sehemu ya juu ilegee kidogo ili kifundo kikunjike bila kuumia. Siku ya kilele, hata hivyo, utashuka kutoka mita 5,895 hadi kibanda cha Horombo, mita 3,720, na usipokaza vizuri pale mguu unapokunjika, wayo utateleza mbele na vidole vitagonga ncha ya kiatu mpaka kucha zivilie damu. Kabla ya kushuka, pitisha kamba mara mbili katika fundo la hapo kwenye mkunjo, uvute, ndipo uendelee na kulabu za juu. Kitufe kimoja hukaza mguu wote kwa pamoja, nami sioni namna ya kukitenganishia kazi hizo mbili.

Mtumiaji wa waya: Hoja hiyo ni ya kweli, ingawa zipo buti zenye vitufe viwili. Mimi nimetembea na waya milima ya Usambara, na mguu ulipovimba mchana nilivuta kitufe tu, kiatu kikalegea papo hapo bila kuvua glavu.

Fundi viatu, Moshi: Kamba ikikatika, utaifunga fundo uendelee na safari, lakini waya ukikatika unahitaji waya wake maalumu na kifaa chake, navyo ni lazima uvibebe mwenyewe. Zipu msiitegemee kabisa, kwa sababu vumbi la mlima likiingia kwenye meno yake haifungi. Kamba bapa hazifunguki ovyo kama zile za mviringo zinazoteleza.

Mwenye swali: Nashukuru sana, nitachukua za kamba. Na kuhusu ganzi ya vidole?

Mpagazi wa zamani: Funga buti zako ndani ya kibanda, kabla hujatoka baridini, na uanze sasa kufanya mazoezi nyumbani ukiwa umevaa glavu nyembamba. Weka pia jozi moja ya kamba za akiba kwenye mfuko wa koti, si kwenye mzigo atakaoubeba mpagazi.