ND16 au ND64 (filta za kupunguza mwanga) kwa video ya droni mchana?

Wakuu, tundu la lenzi ya droni yangu ni f/2.8, halibadiliki. Jua likiwaka, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) inakimbilia 1/3200 ya sekunde. Nikipita chinichini juu ya miti, video ya fremu 25 kwa sekunde inarukaruka vibaya. Nichukue filta ipi?

Jibu: ND64, mkuu. Inapunguza mwanga mara 64, kwa hiyo 1/3200 yako inashuka hadi 1/50. Hapo majani yanapata ukungu kidogo wa mwendo na jicho linatulia. ND16 iweke kwa siku ya mawingu.

Jibu: Naunga mkono. Ila ukiruka juu sana tofauti huioni. Filta ifunge kwenye lenzi kabla ya kuwasha droni, gimbali (kifaa kinachotuliza kamera) isihangaike.

Muulizaji: Asanteni sana. Na polaraiza (filta ya kukata mng'ao)?

Jibu: Juu ya maji inapendeza mno, lakini ukigeuza droni anga linabadilika katikati ya shoti.