Kikundi cha Ukoo: Kazi ya Neema kuhusu akina Boone

Neema: Shikamooni wazee wangu. Mwalimu katupa kazi ya kuandika historia ya familia ya Daniel Boone. Shangazi, wewe ulishafika kwenye ngome yao, nisaidie. Inatakiwa keshokutwa.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Nipo. Kutoka hapa Lexington, Kentucky, Marekani, mpaka ngome yao ya Boonesborough hata saa moja kwa gari haifiki.

Baba Mdogo, Kigoma: Marahaba Neema. Dada, huyo Boone ni nani hasa?

Shangazi: Mwindaji na askari. Mwaka 1775 yeye na wenzake walichonga njia kupita Cumberland Gap, upenyo wa milimani, walowezi wakaingia Kentucky. Lakini Neema, anza na baba yake, Squire Boone, mfumaji kutoka Devon, Uingereza. Walikuwa Quaker, yaani Marafiki, dini ileile iliyo na makanisa kwetu Kivu Kusini. Alifika Pennsylvania, akamwoa Sarah Morgan, wakapata watoto 11. Daniel ni wa sita, 1734.

Kaka Amani: Mbona wakahama Pennsylvania?

Shangazi: Ndoa! Binti yao mkubwa aliolewa na mtu asiye wa dini yao, wazazi wakaomba radhi kanisani. Kisha kijana wao Israel naye akaoa nje. Safari hii mzee akasimama na mwanawe, akatengwa. Mwaka 1750 wakaenda zao North Carolina. Mimi hapo nampenda sana huyo mzee.

Neema: Na uaskari?

Shangazi: 1755 Daniel alikuwa dereva wa mkokoteni wa farasi katika jeshi la Waingereza la Jenerali Braddock. Walipopigwa, alikata kamba za farasi akatoka mbio. Mwaka uliofuata akamwoa Rebecca Bryan. Watoto 10. Sasa hapa ndipo uandike kwa kirefu, maana mume alikuwa akienda porini miezi na miezi, nyumba yote iko mikononi mwa Rebecca.

Shangazi: 1773 mtoto wao wa kwanza, James, aliuawa kwa mateso njiani kwenda Kentucky. Mtumwa mmoja, Adam, alijificha akaona yote. 1776 binti yao Jemima na wenzake wawili walitekwa wakiwa kwenye mtumbwi, baba yake akawafuata akawaokoa. 1778 Washawnee, wenyeji wa asili wa Marekani, wakamteka Daniel mwenyewe. Chifu Blackfish akamfanya mwanawe, akamwita Sheltowee, Kobe Mkubwa. Rebecca akaamini ni mjane, akarudi North Carolina na watoto.

Mama Amani: Jamani. Huyo mama!

Shangazi: Daniel akatoroka, akafika ngomeni mke hayupo. 1782, vita vya Blue Licks, mwana mwingine wa Daniel, naye Israel jina la baba yake mkubwa, akafa baba yake akiwa palepale.

Baba Mdogo, Kigoma: Na hao Washawnee walikuwa wanapigania nini?

Shangazi: Mawindo yao, kaka. Mwaka 1768, kwenye mkataba wa Fort Stanwix, Wairokwoi, kabila jingine la wenyeji, ndio waliowaachia Waingereza ardhi hiyo. Washawnee hawakuridhia. Neema, hilo usiliruke, hata kama kitabu cha shule kimeliruka. James na Israel walilala kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Kaka Amani: Kwa hiyo akina Boone walibaki na mashamba makubwa?

Shangazi: Wapi! Daniel alipima maeneo mengi, lakini hati zilikuwa na kasoro, kesi zikamfuata, akapoteza karibu yote. 1799 akahamia Missouri, wakati huo chini ya Hispania. Rebecca alifariki 1813, yeye 1820, nyumbani kwa mwanawe Nathan.

Neema: Naanza na Rebecca basi, halafu nirudi kwa Squire. Nikimaliza nitaituma hapa.

Shangazi: Tuma nisome kabla sijaingia zamu. Na usichanganye, kutekwa Daniel ni 1778, Blue Licks ni 1782.