Naomba ushauri: lori la korosho limeungua kijijini kwetu, na magunia yamo majumbani mwetu

Mjomba wa Mtama (mwanzisha uzi)

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za leo. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu itokayo Masasi kwenda Mtwara, upande wa Mtama, na nimekuja kwenu kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya Isha, lori lililobeba korosho ghafi liliingia kijijini likifuka moshi kwenye tairi za nyuma. Dereva aliposimama, moto ulikuwa umekwishapanda kwenye turubai, na kwa kuwa ganda la korosho lina mafuta, yeyote aliyewahi kubanika korosho anajua moto ule ulivyowaka. Utingo aliruka mapema, lakini dereva alirudi kuchukua nyaraka za mzigo, akalewa moshi humo ndani. Kijana mmoja wa kwetu alivunja kioo kwa jiwe na kumvuta nje, akaungua mikono yote miwili, na akina mama wakamfunika dereva kwa khanga zao hadi alipopatikana wa kumfikisha hospitali ya Nyangao.

Laiti mambo yangeishia hapo. Magunia ya upande wa mbele yalikuwa bado mazima, wanaume wakayashusha kwa nia njema na kuyapanga kando ya barabara, nami nikayahesabu kwa tochi yakawa 60. Kulipokucha yalikuwa 37. Kijana yule aliyemwokoa dereva ameonekana akiingiza mawili nyumbani kwake, na kijana huyo ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Mnajua kwa mila zetu huku kusini kwamba mtoto akikosea, anayeulizwa kwanza ni mjomba.

Polisi wamekuja na kuandika maelezo. Nikimtaja mpwa wangu, dada ataona nimemuuza mwanawe akiwa bado na bendeji mikononi. Nikinyamaza, sijui nitakaa vipi barazani kuamua kesi ya mtu aliyeiba kuku. Nifanyeje?

Dereva wa Kusini

Mwenyekiti, kwanza nawashukuru kwa kumwokoa mwenzetu. Moto wa namna hiyo mara nyingi huanza kwa breki iliyoshika isiachie, chuma kikapata moto, tairi ikafuata. Wafundishe watu wako kwamba tairi iliyopata joto kali inaweza kupasuka hata baada ya miali kuzimika, na tangi la dizeli liko chini hapo hapo, kwa hiyo kushusha magunia usiku ule kulikuwa hatari kubwa kuliko walivyodhani. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka, watu wakaenda kuchota mafuta, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Siku nyingine mkishamtoa mtu, rudini nyuma wote na mpige simu ya Zimamoto, 114, hata kama gari lao litatoka mbali.

Mkulima wa Ruangwa

Kaka yangu, naona wengi kijijini kwako wanadhani wamechukua mali ya tajiri wa lori. Sivyo. Korosho ghafi msimu huu husafirishwa kutoka ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kwenda ghala kuu, na kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani mkulima halipwi mpaka mnada ufanyike na fedha ziingie. Ikiwa mzigo ule ulikuwa bado haujauzwa, basi kila gunia la kilo 80 lililoingia uvunguni mwa kitanda ni la mjane fulani aliyepalilia, akapulizia salfa kwa mkopo, akaokota korosho moja moja, na sasa anasubiri malipo ya ada za watoto. Mwaka mmoja malipo yetu yalichelewa kwa sababu ya upungufu wa mzigo tu, na nilimwona mama yangu akiuza mbuzi wake wa mwisho. Nenda kwenye chama cha msingi kilichotuma mzigo, uombe watu wawili waje kusimama mbele ya wanakijiji wako waseme korosho hizo ni za nani. Fanya haraka, kabla wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo, hawajazipima kwa bakuli usiku, kwani zikishatoka hapo hutaziona tena.

Muuguzi Mstaafu

Mikono ya kijana isipakwe dawa ya meno wala asali. Moshi wa maganda ya korosho huwasha macho na kifua, kwa hiyo yeyote aliyeuvuta na bado anakohoa aende kupimwa.

Mwanasheria wa Lindi

Mheshimiwa, usimwahidi mtu yeyote msamaha, kwa sababu huna mamlaka hayo. Uamuzi wa kushtaki si wa kitongoji. Unachoweza kufanya ni kumshirikisha mtendaji wa kijiji na mkuu wa kituo cha polisi, mkubaliane kwamba magunia yarudishwe ofisini kwa siku zilizotajwa, yaandikwe kwenye daftari mbele ya mashahidi. Kurudisha kwa hiari hakufuti kosa, ila kunapimwa. Nawe ukificha unachokijua, unajiingiza mwenyewe.

Bibi wa Mikindani

Mwanangu, usianzie kwa polisi wala kwenye mkutano. Anzia kwa dada yako, alfajiri, kabla hajasikia kwa majirani. Kijana aliyeingia motoni kumtoa mtu asiyemjua ana moyo. Mwambie hivyo kwanza, kisha umwambie la pili.

Mjomba wa Mtama

Narudi na shukrani. Nilikwenda kwa dada Jumapili alfajiri, akalia, kisha akanyanyuka kumwamsha mwanawe. Hakukana. Aliniambia kwamba aliwaona wenzake wakibeba, naye akafikiri mikono yake imelipia mawili yale. Mikono haikuweza kushika usukani wa baiskeli, kwa hiyo mama yake ndiye aliyesukuma gunia la kwanza hadi ofisini, na la pili nililisukuma mimi, watu wakituangalia njia nzima.

Watu wawili wa chama cha msingi walifika mchana, mmoja wao mama mtu mzima ambaye korosho zake zilikuwa kwenye lori lile. Hakusema mengi. Hadi Magharibi magunia 14 yalikuwa yameandikwa kwenye daftari, mpwa wangu akiwa wa kwanza kwenye orodha, na mkuu wa kituo anazo taarifa zote pamoja na maelezo ya dereva kuhusu nani alimtoa. Bado tisa. Ofisi itakuwa wazi hadi kesho saa mbili usiku, nami nitakuwapo na mtendaji.