Edmonton: Baba ndiye kocha, mwanawe hatoki uwanjani, watoto wetu wanasugua benchi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuzificha. Wenye watoto kwenye hoki ya barafuni hapa Kanada mtanielewa mara moja. Walioko Dar, Mombasa na kwingineko nitawaeleza kadiri ninavyoweza ili tusipotezane.

Mwanangu yuko U13, kundi la watoto wa miaka 11 na 12. Ni beki. Kocha mkuu wa timu yao ni baba wa mmoja wa wachezaji. Makocha wasaidizi wawili, nao ni baba za wachezaji. Meneja wa timu, ambaye ndiye anayepokea malalamiko ya wazazi, ni mke wa mmoja wa hao wasaidizi. Sasa niambieni, mzazi mwenye shida aende kwa nani?

Kwa wasioujua mchezo: kila timu inaingiza wachezaji watano na golikipa, wengine wote wanasubiri benchini. Kuteleza kwa kasi ile kunamaliza pumzi, kwa hiyo mtoto anakaa barafuni chini ya dakika moja, anatoka, anaingia mwenzake. Mechi nzima inakwenda kwa zamu. Anayezigawa zamu ni kocha, papo hapo, kwa kumgusa mtoto bega au kumwita jina, na hakuna anayeandika. Refa hayamhusu. Mechi ikiisha, karatasi inaonyesha nani kafunga, nani katoa pasi na nani kaadhibiwa. Nani kakalishwa kipindi kizima haionyeshi popote. Ndiyo maana ukilalamika unaambiwa "ni hisia zako tu, mama".

Haya, nisikilizeni kilichotokea Jumamosi iliyopita.

Kipindi cha tatu, tuko sare. Mchezaji wa wapinzani akatolewa kwa adhabu ya dakika mbili, kwa hiyo wao wamebaki wanne, sisi tuko kamili. Hiyo ndiyo nafasi ambayo kila mtoto anaiota. Zamu ilikuwa ya mwanangu. Alishasimama, mguu mmoja ameuvusha juu ya ubao wa uwanja, fimbo mkononi. Mwana wa kocha ndiyo kwanza anarudi benchini, ameinama, mabega yanapanda na kushuka. Kocha akamshika mwanangu jezi kwa nyuma, akamvuta, akamkalisha. Kisha akamgusa mwanawe bega: rudi.

Yule mtoto alikuwa hajafungua hata chupa ya maji. Akarudi. Haikufika nusu dakika akapokonywa paki, kile kisahani cheusi wanachochezea, kwenye mstari wa buluu. Mpinzani akaondoka nayo peke yake mpaka kwa golikipa wetu, akafunga. Tukafungwa wakati wao ndio wako pungufu!

Na hapo ndipo roho iliponiuma mara mbili. Baba yake alijiinamisha juu ya ubao akamfokea mbele ya uwanja mzima. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kioo, nilisikia. Alimwita mvivu. Mtoto aliyechezeshwa zamu mbili mfululizo anaitwa mvivu na mtu yuleyule aliyemrudisha bila pumzi. Mechi ilipoisha niliwakuta maegeshoni, baba yuko nje anaongea na wasaidizi wake, mtoto yuko ndani ya gari na bado amevaa helmeti. Watu wanadhani anayeumia kwenye upendeleo ni wa kwetu tu. Yule mtoto hana kocha wa kumlalamikia kwa baba yake wala baba wa kumlalamikia kwa kocha. Akikosea mechini, anakwenda nalo nyumbani mpaka mezani.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi sishangai baba kumpenda mwanawe. Ninachokikataa ni chama cha hoki cha eneo letu kumkabidhi mtu mmoja ngoma, ngozi na kamba, halafu viongozi wanageuka pembeni.

Maana haya hayakuanza Jumamosi. Yalianza kwenye mchujo wa Septemba. Hapa watoto wanapangwa kwa viwango, na wapo wapimaji wanaokaa jukwaani na makaratasi kutoa alama. Lakini kwa chama chetu, kocha anateuliwa kabla ya mchujo, na nafasi za mwisho kwenye timu anazijaza yeye. Kwa hiyo mwanawe anaingia uwanjani kujaribiwa wakati nafasi yake imeshajulikana. Sisemi hajui kucheza, anajua. Ila mwanangu alijaribiwa kama wenzake, na mwenzake yule hakujaribiwa na mtu yeyote. Hata yeye mwenyewe hatakuja kujua kama nafasi ile aliistahili au alipewa.

Mnajua hoki inavyokula hela. Ada ya msimu, viatu vya barafuni ambavyo mguu wa mtoto unavizidi kila mwaka, helmeti, pedi, glovu, fimbo inayovunjika ukiwa ndiyo kwanza umeinunua. Kuna familia kwenye timu yetu zinazosaidiwa na KidSport na Jumpstart, na hakuna aibu (wageni ambao hamjui, ombeni, mashirika hayo yapo kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawamudu gharama za michezo). Baba wa mwanangu anatoka kazini zamu ya usiku, analala kidogo sana, anampeleka mtoto mazoezini alfajiri nje baridi imefika nyuzi 25 chini ya sifuri. Anakaa kwenye ubaridi ule anasubiri. Halafu mtoto aje akalishwe kwa kuvutwa jezi?

Nilifuata utaratibu, msije mkaniambia nimekurupuka. Hapa kuna kanuni ya saa 24: baada ya mechi huruhusiwi kumfuata kocha wala kumwandikia mpaka siku nzima ipite, hasira zitulie. Nikasubiri. Nikamwandikia meneja kwa adabu, nikaeleza nilichokiona, nikanukuu maneno ya chama chetu wenyewe kwamba kila mtoto apewe muda wa kucheza kwa haki. Jibu lilikuwa mistari miwili. Kwamba zamu ni uamuzi wa kocha, na kwamba kocha anajitolea bila malipo, tuthamini mchango wake.

Hilo la kujitolea ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ni kweli, makocha wengi wa watoto hawalipwi, na bila wazazi kujitolea timu nyingi hazingekuwepo. Wanakaguliwa rekodi na polisi, wanasoma kozi, wanaacha shughuli zao. Nashukuru, na nimewahi kumshukuru usoni. Lakini mimi nami najitolea. Nimekaa mezani kuendesha saa ya mechi, nimeuza tiketi za bahati nasibu za timu, nimebeba watoto wa wenzangu kwenye gari langu. Hakuna kati ya hayo kilichonipa ruhusa ya kumshika mtoto wa mtu jezi na kumkalisha ili wangu acheze. Na sisi wazazi wa jimbo hili la Alberta, kabla mtoto hajasajiliwa lazima mzazi mmoja amalize somo la mtandaoni la heshima michezoni. Nililimaliza. Linatufundisha tusiwafokee watoto, tusiwafokee marefa. Kocha naye ana la kwake la lazima. Sasa yale aliyosoma yako wapi?

Kuna mzazi mwenzangu, mzungu, mtu mwema kabisa, aliniambia niwe mvumilivu kwa sababu hata Wayne Gretzky, gwiji mkubwa wa hoki, alifundishwa na baba yake. Nimelifikiria sana jambo hilo. Ndiyo, mzee Walter alimwaga maji nyuma ya nyumba yao kule Brantford, yakaganda, mwanawe akajifunzia hapo. Lakini nyuma ya nyumba ile hakukuwa na watoto wa wenzake waliolipiwa ada wakisubiri zamu. Ukitaka kumfundisha wako nyumbani mpaka usiku wa manane, Mungu akubariki. Benchi la timu ni la watoto wote.

Na kabla hamjaanza: hapana, sileti habari ya rangi. Wanaosugua benchi pamoja na mwanangu ni watoto wawili weupe ambao baba zao hawamo kwenye kundi la makocha. Huu ni ujamaa wa akina baba wanaojuana tangu watoto wakiwa wadogo. Wala msiniambie hoki si mchezo wetu. Grant Fuhr, golikipa mweusi, alizaliwa Spruce Grove hapa jirani, akachukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi kuu ya hoki, na Oilers, timu ya hapa Edmonton, kwa mara ya kwanza mwaka 1984, akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa hoki mwaka 2003. Picha yake iko ukutani chumbani kwa mwanangu. Kenya nako kuna vijana wa timu ya hoki ya Ice Lions walioanzia kwenye kiuwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Nairobi. Mwanangu anaupenda mchezo huu na ana haki ya kuucheza.

Ninachokitaka kwa chama kiko wazi. Kocha mwenye mtoto kwenye timu asihusike kabisa kumpima mwanawe, wapimaji wasiomjua wafanye hivyo na alama zihifadhiwe. Kila timu iwe na walau kocha mmoja kwenye benchi asiye na mtoto pale, hata kijana wa miaka 19 aliyemaliza kucheza juzi, na huyo ndiye apange zamu za mabeki na washambuliaji wakati wa adhabu na dakika za mwisho. Zamu ziandikwe. Mzazi mmoja na daftari anatosha. Na meneja asiwe ndugu wala mke wa kocha yeyote. Kwenye ngazi za juu, timu nyingi zinatafuta kocha asiye mzazi kwa sababu wanajua tatizo hili lipo. Kwa nini watoto wa miaka 12 wasubiri mpaka waikimbie hoki?

Maana wangu ameanza. Jumapili asubuhi aliniuliza kama anaweza kuacha mazoezi ya Jumanne. Mtoto ambaye huwa analala na jezi.

*

NAONGEZEA baada ya kusoma majibu yenu:

Wanaosema "mhamishie timu nyingine", hapa Alberta mtoto anasajiliwa kwenye chama cha eneo wanaloishi wazazi. Huamki tu ukaenda timu ya mtaa wa pili, unahitaji kuruhusiwa na chama chako, hao hao ninaowalalamikia.

Aliyesema nami nijitolee kuwa kocha, ndugu yangu, mimi nimeona barafu ya kuteleza kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Na hata ningeweza, nisingependa kuwa na mamlaka hayo juu ya mwanangu mwenyewe, kwa sababu hizohizo nilizozieleza.

Dada wa Calgary, asante sana. Kwamba kwenu mliweka mzazi wa kuandika zamu na kocha akabadilika ndani ya wiki chache, hilo nalifanyia kazi leo. Naomba unitumie hiyo fomu mliyokuwa mnajaza.

Ndugu wa Minnesota na Toronto, kama mmewahi kupeleka suala hili kwa uongozi likasikilizwa, wekeni hapa mlivyoandika na mliambatanisha nini. Mkutano wa chama chetu ni mwezi wa nne. Wale wazazi wawili wamekubali kusaini pamoja nami. Wengine wa Edmonton mnaosoma kimyakimya, najua mpo, njooni inbox tupeleke barua moja kabla ya hapo.